Nilimvusha binti yangu mpaka akasome Kenya: niliyoyajua nikiwa nimechelewa

Mwezi uliopita, tulipomaliza kuhesabu hisa za kikoba chetu hapa Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, mama mmoja alinisubiri mpaka wenzetu wakatawanyika. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, yule wako ulimpitisha wapi? Wangu ana mimba ya miezi minne, yuko kidato cha pili. Naambiwa Kenya wanawajali zaidi watoto wa kike. Nimpeleke?"

Nilikaa naye mpaka magharibi ikaadhiniwa na bado sikumaliza. Ndiyo maana naandika. Mwaka 2018 nilikuwa mimi huyo mama, na sikupata wa kuniambia hata nusu ya haya.

Binti yangu alikuwa na miaka 16, anasoma kidato cha pili katika shule ya kata. Waliporudi kutoka likizo ya Juni, wasichana wote wa kidato chao walipimwa mkojo. Mchana wake nikapigiwa simu niende shuleni. Mkuu wa shule alinipa kiti, akanimiminia maji kwenye glasi, kisha akanionyesha karatasi. Hakunifokea wala hakumtukana mtoto. Alisema mikono yake imefungwa, na kwa kweli ilikuwa imefungwa: kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo, na lile tamko la Rais Magufuli pale Chalinze, Juni 2017, kwamba mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali, lilikuwa bado linavuma masikioni mwa kila mwalimu. Nilitoka ofisini na begi la binti yangu begani. Yeye alikuwa amesimama chini ya mwembe, amevua viatu vya shule ameviweka pembeni, kana kwamba tayari si vyake.

Kosa langu la kwanza nililifanya wiki ile ile. Aliyempa mimba alikuwa kijana wa bodaboda, miaka 23, kila siku anampitisha na kumpa lifti ya bure. Sheria ya Elimu ilikuwa imeshabadilishwa mwaka 2016: anayempa mimba mwanafunzi, kifungo cha miaka 30. Sisi tukaona miaka 30 ni mingi, ni mtoto wa jirani, tutaishije na watu? Wazee wakaja na laki tatu na kanga mbili, tukamalizana nyumbani. Haikufika Ramadhani iliyofuata nikasikia kijana yule yule ametajwa na msichana mwingine, wa shule ya jirani. Siku hiyo sikuweza kula. Laki tatu ile niliinunulia dawa, maziwa na sabuni, ikaisha, lakini msichana yule wa pili bado nakutana naye sokoni na sijui niangalie wapi. Mama mwenzangu, ukifikiwa na jambo hili nenda kwenye dawati la jinsia polisi kabla wazee hawajakaa mkekani. Wakishakaa, hutakuwa na nguvu ya kukataa.

Baba yake alitaka aolewe. Simlaumu peke yake, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimpa njia: msichana wa miaka 15 anaweza kuolewa mzazi akiridhia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikuwa imesema vifungu vile vinapingana na Katiba, katika shauri alilofungua Rebeca Gyumi, lakini serikali ilikata rufaa, na rufaa ile haikutupwa mpaka Oktoba 2019. Kwa hiyo mwaka ule wa 2018 shehe na mjumbe wote walituambia hakuna tatizo. Upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, safari ya asubuhi moja tu kutoka kwangu, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inasema miaka 18 kwa wote, na kumwoza aliye chini yake ni kosa la jinai. Mimi nilikuwa silijui hilo. Nilichokijua ni kwamba sitaki aolewe. Nilimwambia mume wangu, "Mimi niliolewa na miaka 17, unaona nilivyo." Akanyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema mtoto azae kwanza, mengine tutaona.

Mjukuu wangu akazaliwa Februari 2019, msichana, kilo tatu kasoro kidogo.

Habari ya Kenya nililetewa na machungwa. Wasiotujua, Muheza ni nchi ya machungwa, na msimu ukifika malori yanatoka Mombasa kuja kupakia ya kupeleka soko la Kongowea. Mimi nilikuwa nakusanya kutoka mashambani na kuwauzia. Dereva mmoja, mtu mzima wa Kwale, akaona binti yangu ananyonyesha kivulini, akauliza anasoma wapi. Nikamwambia alisoma. Akasema, "Kwetu mtoto akijifungua anarudi shule. Wangu mimi mwenyewe alirudi." Na ni kweli, Kenya ilikuwa na sera hiyo tangu 1994, mwaka ambao mimi mwenyewe nilikuwa darasani. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akichota maji ya chumvi miaka yote, kumbe kisima cha maji baridi kiko nyuma ya ua.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ameolewa Msambweni, pwani ya Kenya. Nikampigia. Akasema mlete, shangazi ni baba. Mume wangu hakuweza kumpinga dada yake, na kwa hilo nitamshukuru wifi mpaka kufa.

Sasa hapa ndipo makosa yanapoanza kufuatana, na ndipo nataka usome polepole.

Tulivuka Mei 2019. Nilikuwa na haraka, niliogopa mume wangu atageuza mawazo. Binti yangu alivuka na hati ya dharura ya safari, madaftari mawili na nguo. Sikuchukua cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, kadi ya kliniki tu, na hiyo nilihisi haina maana. Sikuchukua matokeo yake ya darasa la saba. Barua ya uhamisho sikuiomba, nikijua mwanafunzi aliyefukuzwa hapewi. Kumbe ningeweza kwenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya nikaomba barua inayosema tu kwamba mtoto huyu alisoma shule fulani kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani. Nilikuja kuipata barua hiyo miaka miwili baadaye, kwa siku moja, bila shilingi. Ile siku ya Mei, bila karatasi hata moja, mwalimu mkuu wa kule alifanya alichoweza: akampokea, lakini akamrudisha kidato cha kwanza. Mwaka na nusu wa masomo ukapotea kwa karatasi.

Kosa kubwa kuliko yote ni uongo. Njiani, kwenye basi kutoka Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, nilimwambia binti yangu: "Huko usiseme una mtoto. Sema umekuja kumsaidia shangazi." Mtoto nilimwacha Muheza na mama yangu mzazi, nikapanga kumlea kama wangu wa mwisho. Nilikuwa naona aibu, na aibu nimeivusha mpaka pamoja na mizigo. Mwalimu mkuu alipouliza kwa nini amehama, nilimjibu kwa ufasaha: bibi yake anaumwa, hali ngumu, shangazi amejitolea. Akaandika.

Fikiria nilichokifanya. Nimempeleka mtoto katika nchi ambayo sera yake inamlinda msichana aliyezaa, kisha nimeficha kwamba amezaa. Sera ile haikuwa na namna ya kumfikia. Maziwa yalimjaa tangu siku ya pili, maana mtoto wa miezi mitatu tulimwachisha ghafla. Alikuwa anakunja vitambaa anaweka kifuani, vinalowa kabla ya saa nne. Alipata homa, matiti yakawa magumu kama mawe, shangazi akamkanda na maji ya moto usiku akilia. Shuleni akaambiwa mvivu, hataki kucheza, hataki kukimbia mchakamchaka. Mwalimu wa ushauri nasaha alimwita mara mbili akamuuliza kama kuna jambo. Akajibu hakuna, kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo.

Kama unampeleka, mpeleke na mtoto wake ikiwezekana, au subiri miezi sita ipite. Na kama lazima atengane naye, mwende kliniki kwanza mfundishwe kupunguza maziwa taratibu kwa kukamua kidogo kidogo. Mambo haya muuguzi yeyote angenieleza kwa dakika kumi.

Kuhusu fedha sitaki nimdanganye mtu. Kenya serikali ilikuwa inalipia masomo ya sekondari ya kutwa, shilingi 22,244 za Kenya kwa mwanafunzi kwa mwaka, na huku kwetu ada ya 20,000 za shule za kutwa ilishafutwa tangu 2016. Kwa karatasi, kote bure. Kwa mkono, kule nililipa chakula cha mchana kila muhula, sare mbili, sweta yenye nembo ambayo haiuzwi popote isipokuwa duka moja, viatu, vitabu vya mazoezi, na masomo ya ziada ya likizo ambayo hayalazimishwi lakini asiyekwenda anaachwa nyuma. Kila shilingi mia ya kule ilikuwa kama elfu mbili na mia mbili za kwetu, kwa hiyo gunia la machungwa lililokuwa likinilisha wiki nzima liliishia kwenye sweta. Nauli ya kwenda kumwona ilinishinda, nikawa naenda mara moja kwa muhula. Weka hesabu hiyo mezani kabla hujafunga begi: nauli yako wewe mzazi, mara tatu kwa mwaka, pamoja na zawadi ya mwenyeji, maana shangazi naye ana watoto wake.

Yapo mazuri niliyoyaona kule ambayo kwetu sikuyaona. Taulo za kike ziligawiwa shuleni, maana Kenya ilitunga sheria mwaka 2017 kwamba serikali iwape bure wasichana wa shule. Hazikuja kila muhula, kuna muhula zilikosekana kabisa, lakini zilipokuja zilikuja. Kwetu kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo iliondolewa 2018 ikarudishwa 2019, na sisi wanunuzi wa dukani bei hatukuiona ikishuka. Kule pia msichana anauliza swali darasani bila kusubiri ruhusa ya macho ya wavulana. Binti yangu aliporudi likizo nilishangaa jinsi anavyobishana na baba yake kwa hoja.

Na yapo magumu. Kiingereza kilimtesa. Sekondari zetu nazo ni za Kiingereza, lakini mwalimu wetu anafafanua kwa Kiswahili na mtoto anaelewa. Kule wenzake wamekizoea tangu madarasa ya chini. Walimcheka muhula mzima. Alichowapita ni Kiswahili, insha zake zilisomwa mbele ya darasa, na nadhani hizo ndizo zilizomshika asikimbie. Usiku wa pwani nao ni ule ule pande zote mbili. Huku tuna vigodoro, kule wana disko matanga, muziki unapigwa mpaka alfajiri kwa jina la kuchangia msiba, na wasichana wa shule wanapotelea humo. Mpaka hauzuii hilo. Shangazi yake alikuwa anafunga mlango saa moja na nusu na ufunguo anaulalia.

Kisha ikaja korona. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020, sisi tukafunga siku moja au mbili nyuma yao. Mwezi Mei Kenya ikafunga mpaka na Tanzania kwa abiria. Huku kwetu wanafunzi wote wakarudi darasani mwishoni mwa Juni. Kule, ukiacha madarasa machache yaliyorudi Oktoba, wengine walikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Binti yangu wa kidato cha pili alikaa karibu miezi tisa na nusu bila kuona ubao. Mimi niko Muheza nawaona waliosoma naye zamani, wale walio kidato cha nne sasa, wanapita na sare nyeupe asubuhi kwenda kumalizia, na mwanangu yuko Msambweni anakaanga viazi karai barabarani, hoteli za Diani zimefungwa na wateja hakuna. Mpaka umefungwa. Mtoto wake ameanza kutembea, na ameanza kuniita mimi mama.

Mwezi ule wa Julai nilijilaumu kuliko wakati wowote. Nchi niliyoikimbia ilikuwa imefungua shule, na niliyoikimbilia imefunga. Ukitaka kujua nchi gani ni bora kwa mtoto wa kike, uliza pia mwaka gani, mwezi gani.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 binti yangu hakutaka kurudi. Alimwambia shangazi yake anataka kwenda kumlea mwanawe. Wifi alinipigia, na kwa mara ya kwanza akanigombeza: "Uongo wako umemchosha mtoto. Kesho naenda shuleni kusema ukweli." Nililia, nikakubali.

Mwalimu wa ushauri nasaha, mama mmoja wa Kidigo mwenye subira ambayo sijaipata kwa mtu mwingine, hakushangaa hata kidogo. Alisema alishajua tangu 2019, alikuwa anasubiri aambiwe. Akatueleza kwamba Kenya ilikuwa imetoa mwongozo mpya mwaka 2020 juu ya kuwarejesha shuleni, si waliozaa tu bali kila aliyekatizwa masomo, na kwamba mtoto wa aina hii ana haki ya kupewa ruhusa, ushauri, na muda. Angesemewa tangu mwanzo, angepewa ruhusa ya kwenda kumwona mwanawe, asingeandikwa mtoro. Ni mwalimu huyo huyo aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla: "Huyu KNEC wamelinganisha cheti chake?" Tukatazamana.

Kumbe mwanafunzi aliyesoma msingi nje ya Kenya hawezi kusajiliwa mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari kule, mpaka baraza lao la mitihani, KNEC, lilinganishe matokeo yake ya darasa la saba na ya kwao. Tena jina lake lilikuwa halijakaa sawasawa kwenye NEMIS, mfumo wao wa kuandikisha wanafunzi, kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa. Tungeendelea hivyo, angefika kidato cha nne akaambiwa huwezi kufanya mtihani. Nilirudi mbio kwetu: RITA, wanaosajili vizazi, kwa cheti cha kuzaliwa, shule ya msingi kwa uthibitisho, wilayani kwa ile barua. Nilitumia miezi minne. Wewe fanya haya kabla mtoto hajavuka, na nakala zake ziweke mahali pawili.

Novemba 24, 2021, nilikuwa napanga machungwa nikasikia redioni Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akitangaza kwamba Tanzania sasa mwanafunzi aliyejifungua ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Niliketi juu ya kreti. Furaha ilikuwepo, na uchungu ulikuwepo, vyote kwa pamoja. Mume wangu akaja mbio kutoka msikitini: "Mrudishe sasa!" Tukauliza wilayani. Waraka uliweka muda, miaka miwili tangu kukatisha masomo, naye alikuwa na mitatu na zaidi. Na yeye mwenyewe alikuwa kidato cha tatu, karatasi zake zimekaa sawa, ana mwalimu anayemjua. Alisema, "Mama, nimechoka kuanza upya." Akabaki.

Alifanya KCSE mwishoni mwa 2022, matokeo yakatoka Januari 2023, alama C. Tukaenda kuyalinganisha NECTA, baraza la mitihani la kwetu, ili vyuo vya huku vimtambue. Hiyo nayo ni hatua ya kuwekea muda na fedha mapema, maana dirisha la kuomba vyuo halikusubiri. Alikosa mwaka huo, akaingia chuo cha afya mwaka uliofuata.

Jambo moja limeniuma nilipolijua. Pale pale Tanga, tangu zamani, kulikuwa na njia ya QT, ule mtihani wa maarifa, ambapo mtu aliye nje ya shule anasoma jioni kwenye kituo, kisha anafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha masomo hayo. Hata mwaka 2018, kanuni zikiwa kali namna ile, mlango huo haukufungwa. Angeweza kumaliza kidato cha nne kabla ya 2021 huku ananyonyesha. Siku hizi pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchini, vinawapokea wasichana waliokatisha masomo, na baadhi vina mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama yuko darasani. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Msichana mmoja wa mtaa wetu alirudi shule ya kawaida mwaka 2022, kwa sera mpya, sare imeshonwa, walimu wamemkaribisha. Baada ya wiki saba akaacha. Hakufukuzwa na mtu. Bibi aliyekuwa anamshikia mtoto aliumwa mguu, basi.

Binti yangu sasa ni mtu wa kusoma sana. Ananionyesha kwenye simu orodha zinazopanga nchi kwa hali ya wasichana, na ananieleza habari ambazo mimi sikuzijua: kwamba Sierra Leone nayo ilikuwa na katazo kama letu, mahakama ya nchi za Afrika Magharibi ikalikataa Desemba 2019 na Machi 2020 likaondolewa, kwamba Rwanda baada ya uchaguzi wa 2018 wanawake walikuwa zaidi ya asilimia 61 ya wabunge, kwamba mwaka 2022 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliiambia Tanzania kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza ni kuvunja haki zao. Nilifurahi kujua kwamba ile karatasi ya mkojo, iliyoonekana jambo la kawaida siku ile, kuna watu wazima waliokaa wakasema haikuwa sawa.

Nikamuuliza, kwenye orodha hizo wewe ulihesabiwa wapi? Akafikiri, akasema: "Kenya, 2019, msichana aliyeandikishwa sekondari." Ndiyo. Alihesabiwa vizuri, yupo darasani, na vitambaa vimekunjwa kifuani. Siku hizi mtu akinitajia nchi, namuuliza mambo madogo: Nani atamshika mtoto saa mbili asubuhi? Shule iko umbali gani, na anakwenda na usafiri wa nani? Kuna mwalimu mmoja, kwa jina, ambaye msichana anaweza kumwambia ukweli? Karatasi zake ziko wapi? Nikipata majibu hayo, jina la nchi haliniumizi kichwa tena.

Kwa hiyo yule mama wa kikoba nilimwambia asimpeleke. Mimba ina miezi minne, waraka wa kwetu sasa unamruhusu arudi, na kwa Kenya hana shangazi, ana rafiki wa rafiki. Nilimwambia kesho yake twende wote wilayani, apate maandishi ya siku aliyokatisha masomo, kwa sababu ile miaka miwili inahesabiwa. Tulikwenda. Dawati la jinsia pia tulikwenda, na hapo alitetemeka, nikamshika mkono kama alivyonishika mimi.

Kwangu mimi limebaki moja. Mjukuu wangu ameanza darasa la kwanza Januari hii. Kumwandikisha walitaka cheti cha kuzaliwa, na cheti chake, nilichokwenda kukitafuta mwenyewe 2019 nikiwa bado na ile aibu, kinasema mama ni mimi. Wiki iliyopita tulipanda daladala watatu, mimi, binti yangu na mtoto, kwenda kuanza kukirekebisha. Tumeambiwa tulete kadi ya kliniki ya uzazi, kiapo, na mashahidi wawili. Mtoto alikuwa amekaa katikati yetu kwenye benchi. Karani akamuuliza kwa upole, "Mama yako ni yupi?" Akanitazama mimi, akamtazama binti yangu, akasema, "Dada ananiambia ni yeye." Binti yangu akamvuta akampakata, mkubwa alivyo, miguu inaning'inia mpaka chini. Karani akatupa fomu. Tunarudi Jumatano.